Nilipomkata Luhende Kauli

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona wengine ndiyo kwanza mnatafuta pa kukaa, basi narudia ili na ninyi mpate fungu lenu: Bwana asifiwe sana! Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, na ninyi vijana mlioacha palizi mkaja, nawasalimu wote kwa jina la Yesu.

Mimi ni Zakaria, baba yake Ester. Wengi mnanijua kama mtu wa kinu cha kusagia mawe kule mgodini, yule anayeongea kwa sauti kubwa hata ndani ya kanisa kama vile mashine bado zinanguruma. Mnivumilie, masikio yangu yameharibika kidogo. Lakini kabla ya kinu nilikuwa na kazi nyingine, na katika kazi hiyo nilikuwa mtu mwingine. Huyo mtu sipendi kumwonyesha. Mara ngapi nimeombwa kusimama hapa nikasema leo kifua kinabana, leo nina mgeni? Nimechoka kutoa visingizio. Leo nasema.

Miaka ile vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha, na wanaume walikuwa wanamiminika huku Geita kutafuta kazi ya dhahabu. Walitoka Shinyanga, walitoka Kahama, walitoka Bukombe. Wengi wao Kiswahili hawakukijua kabisa. Na meneja wetu, Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi, yeye alijua Kiswahili cha kuamrishia tu, na Kisukuma hata salamu hakujua. Katikati yao nikasimama mimi, mkalimani. Mtu mwenye shida alikuja ofisini, akaisema kwangu kwa Kisukuma, nami nikaifikisha kwa Bwana Kofia kwa Kiswahili. Na jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Ndugu zangu, kichwa kilinivimba! Nilikuwa na kaptura iliyopigwa pasi, nilikuwa na viatu. Nilikaa kwenye kiti, na wanaume wa umri wa baba yangu walisimama mbele yangu. Na kilichonidanganya zaidi ni hiki: nilikuwa mwaminifu. Msicheke. Wakalimani wengine niliowajua walikula kuku za watu, walikula mbuzi, ndipo wakasema maneno ya watu vizuri. Mimi sikula kuku wa mtu. Mtu akija na kuku nilimfukuza pamoja na kuku wake. Nililelewa misheni, nikafundishwa kwamba Mkristo hapokei hongo, na sikupokea. Basi kila Jumapili niliketi kanisani mgongo umenyooka, nikamshukuru Mungu kwamba kazini kwangu hakuna doa.

Sasa nisikilizeni. Ninyi ni Wasukuma wenzangu, na hata wasio Wasukuma mmekaa nasi mkatuzoea. Mnajua sisi tunavyoleta habari. Mtu hakurupuki tu kusema fulani ni mgonjwa, fulani amekufa. Hiyo ni kumpiga mwenzako kwa neno. Anakusalimu kwanza. Anakueleza alikuwa amekaa wapi, nani alitokea, huyo mtu ni wa ukoo gani, walikula nini. Anakuja taratibu, na kadiri habari ilivyo mbaya ndivyo anavyoanzia mbali zaidi. Neno lenyewe, lile zito, analiweka mwisho kabisa, na pengine hata hapo analisema kwa sauti ya chini. Mimi nilizaliwa ndani ya desturi hiyo. Bibi yangu alinilelea humo. Nilijua!

Lakini ofisini nilikuwa na haraka. Bwana Kofia alikuwa hapendi maneno marefu. Mtu alipoanza safari yake ya maneno, mimi nilikuwa nimeshamkadiria: huyu anataka blanketi, huyu amegombana na nyapara. Nikamkata kauli, nikasema kwa Kiswahili kifupi, mambo yakaisha. Bwana Kofia alinisifu, "Zakaria safi sana. Mtu anasema kutwa nzima, Zakaria anasema neno moja." Nami nikafurahi kama mtoto aliyepewa sukari. Mke wangu, Mama Ester huyu hapa, ananijua toka ujana. Alikuwa akinitania, "Baba Ester, mtu hajafungua mdomo, wewe umeshamjibu." Nilicheka. Nilidhani ananisifu na yeye.

Ikaja miezi ya mavuno. Mnajua miezi ile kulivyo kwetu: pamba inachumwa, mtama umeingia ghalani, na ngoma zinaanza. Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wanashindana, watu wanakusanyika kutoka vijiji na vijiji. Sisi wa misheni tulikatazwa ngoma, na mimi niliichukia kuliko hata wachungaji walivyoichukia. Basi miezi hiyo wafanyakazi walikuja ofisini kwa wingi kuomba ruhusa. Huyu mama yake anaumwa, yule mjomba wake amevunjika mguu. Wengine walisema kweli. Wengine, tusifichane, walikuwa wanakwenda kucheza. Bwana Kofia akaona atachezewa. Akaniambia, "Zakaria, wewe unajua watu wako. Wewe utaniambia huyu kweli ama ngoma."

Mnaona mtego? Toka siku hiyo sikuwa tena mtu wa kupeleka maneno. Nilikuwa hakimu. Na nilikubali mara moja, wala sikuomba hata dakika ya kufikiri.

Palikuwa na mtu mmoja wa kutoka upande wa Tinde, jina lake Luhende. Kazi yake ilikuwa kupasua magogo ya kuegemezea kuta za mashimo. Mtu mrefu, mpole, mwenye nguvu, asiyejua Kiswahili ila maneno machache. Na huyo Luhende alikuwa mchezaji ngoma hodari kupita wote kambini. Jumapili, sisi tukitoka ibadani, tulimkuta uwanjani na njuga miguuni, watu wamemzunguka wanampigia vigelegele, hata watoto wa Wakristo wanachungulia. Nilimchukia mtu huyo. Ninatumia neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Yeye hakuwa na neno nami. Kila aliponiona aliinama kidogo akanisalimia, "Mwangaluka, baba." Na hatukuzidiana sana umri.

Asubuhi moja ya miezi hiyo ya ngoma Luhende alikuja ofisini. Lori la mgodi lilikuwa nje linanguruma, tayari kuondoka kwenda Shinyanga stesheni kuchukua vipuri. Njia yake ilipita Tinde. Waliopewa ruhusa walikuwa wakipanda lori hilo bure, na Bwana Kofia alikuwa ameshika kalamu, anataka tumalize dereva aondoke. Luhende akaingia, akavua kofia yake ya majani, akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. Niliyaona, nikajisemea, pombe.

"Mwangaluka, baba," akasema.

"Mwangaluka. Sema upesi, bwana ana kazi."

Akaanza. "Jana jua likiwa linashuka nilikuwa nimekaa nje ya kambi, ninanoa shoka. Nikaona mtu anakuja kwa miguu, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Kumbe ni Maganga. Huyu Maganga ni mtu wa kwetu, tunacheza ngoma pamoja, na mwaka huu..."

Hapo. Hapo ndipo nilipomkata, ndugu zangu. Nilisikia neno ngoma nikainua mkono, kama mtu anayemzuia ng'ombe mlangoni. Nikamgeukia Bwana Kofia nikasema kwa Kiswahili changu safi, "Bwana, huyu ameitwa na wenzake. Anataka ruhusa aende kwao kucheza ngoma."

Bwana Kofia hakuinua hata uso. "Hapana ruhusa. Rudi kazi."

Neno hapana Luhende alilijua. Akanitazama mimi, siyo Mzungu, mimi. Akasema taratibu, "Baba, sijamaliza."

Nikamwambia, "Umemaliza."

Basi. Akavaa kofia yake, akatoka. Nikamwona dirishani amesimama kando ya barabara, lori linampita. Alilitazama mpaka lilipoingia kwenye miti. Halafu nikaita mtu mwingine.

Siku hiyo hiyo Luhende hakuonekana kazini, wala kesho yake. Mnajua nilifanya nini? Nilishangilia! Nilimwendea Bwana Kofia nikamwambia, "Umeona bwana? Ametoroka. Amekwenda ngomani." Akanipiga bega, akasema mimi ni macho yake. Na Jumapili iliyofuata, nilipopewa nafasi ya kusema neno kwa vijana, nikamfanya Luhende kuwa mfano. Nilisimama mbele ya watoto wa watu nikasema, tazameni mtu wa dunia, ameacha mkate wake kwa ajili ya njuga. Watu waliitika amina. Wengine wenu mlikuwapo, mliitika. Siwalaumu, mliniamini mimi.

Siku zikapita. Mchana mmoja nimekaa kula, Mama Ester akaingia kutoka gulioni na kikapu hakina kitu. Hakukaa. Akaniuliza, "Yule mtu wa Tinde, yule Luhende, siku ile ofisini alikuambia nini?"

Nikasema, "Alitaka kwenda ngomani."

"Sikuulizi alichotaka. Nakuuliza alisema nini."

"Alisema alikuwa ananoa shoka, akaja mwenzake wa ngoma."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Baada ya hapo alisema nini, Baba Ester?"

Ndugu zangu, nilifungua mdomo kikakosekana cha kusema. Mimi, mtu wa maneno! Sikujua. Mtu alikuja mbele yangu na habari yake, nikapeleka kwa mkubwa maneno ambayo hakuyasema, na alichokuja nacho mpaka saa ile nilikuwa sikijui.

Mama Ester akakaa chini, akanieleza. Alikutana na Maganga gulioni, yule yule mjumbe, na Maganga alimsimulia yote. Luhende alikuwa na mke kule Tinde, jina lake Kabula, amekaa kwa wakwe zake. Kabula alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto hakutoka. Wakunga walijitahidi wakashindwa. Ilibidi abebwe kwenye machela apelekwe hospitali ya misheni. Lakini wazee wa ukoo wakasema huyu ni mke wa mtu, hatumtoi nyumbani kumpeleka kwa wageni wakampasue bila mwenyewe kusema ndiyo. Mumewe aje, au alete neno lake. Ndipo wakamtuma Maganga. Na Maganga akafika, na Luhende akaja kwangu, na lori lilikuwa pale linanguruma.

Nikamuuliza Mama Ester, "Na huyo mwanamke?" Nilikuwa nimeshajua. Akatikisa kichwa tu. Yeye na mtoto wake, wote wawili.

Luhende alitoka siku ile pamoja na Maganga kwa miguu, wakakata pori mpaka Segese, wakangoja, wakapata lori la pamba likawafikisha Tinde. Alipoingia nyumbani kwake udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Mimi kilio kilinishika palepale. Lakini nisijipambe. Mama Ester alikuwa hajamaliza. Akaniambia, "Luhende amerudi jana na Maganga kuchukua blanketi lake na shoka lake. Manyapara wamemkamata kwa utoro. Kesho asubuhi analetwa kwa Bwana Kofia." Na mimi, machozi yakiwa bado mashavuni, jambo la kwanza lililoniingia akilini ni hili: kesho atasema, na mimi ndiye nitakayegeuza maneno yake. Hakuna mwingine ofisini ajuaye Kisukuma. Nikitaka, Bwana Kofia hatajua kitu. Na nikajisikia nafuu. Mungu wangu! Mke wa mtu yuko kaburini kwa ajili yangu, na mimi najisikia nafuu.

Mjue pia kilichomngoja mwenzetu. Wakati ule mtu aliyevunja mkataba wa kazi alishitakiwa. Bwana Kofia akishaandika kwamba huyu ni mtoro, anakabidhiwa kwa polisi, na polisi ni jela. Mtu amefiwa na mke na mtoto, anaingizwa jela kwa kosa la kwenda kucheza ngoma. Na aliyelitunga kosa hilo ni mimi.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ghala la mtama, nikapiga magoti. Siku zote nilikuwa naomba kwa maneno mazuri, marefu, watu walipenda maombi yangu. Siku hiyo maneno yalikataa. Nilisema tu, Bwana, sijui alisema nini. Nikarudia hivyo hivyo. Bwana, sijui alisema nini. Sikuona nuru wala sikusikia sauti, sitawadanganya. Niliondoka pale naogopa kama nilivyokwenda, tena zaidi. Nilikuwa na nyumba ya mgodi, nilikuwa na jina kanisani, nilikuwa na mtoto anayesoma. Vyote nilivipenda.

Asubuhi akaletwa. Amekonda, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Bwana Kofia akasema, "Mwambie aseme kwa nini alitoroka." Nikamgeuzia. Luhende akanitazama, akasema kwa Kisukuma, "Ya nini niseme? Wewe si unayajua maneno yangu kabla sijayasema? Mwambie utakavyo."

Bwana Kofia akauliza, "Anasema nini?"

Ndugu zangu, ilikuwa rahisi sana! Ningesema, bwana, anakiri kosa. Maneno hayo yalikuwa yameshafika ulimini, nilionja ladha yake. Nikasema, na sauti ilitoka kama si yangu, "Bwana, anasema haoni sababu ya kusema, kwa sababu mimi mkalimani wako nitasema nipendavyo."

Kalamu ikasimama. Hata Luhende alishtuka, maana Kiswahili kidogo alikuwa nacho, akajua nimesema kweli. Nikamgeukia, nikainuka kwenye kile kiti changu, nikasimama mbele yake. Nikamwambia kwa Kisukuma, "Ndugu yangu, anza. Anza unapotaka."

Akaanza. Na alianza palepale: jua likiwa linashuka, ananoa shoka, mtu anakuja na vumbi kwenye nyusi. Nami nikageuza neno kwa neno. Shoka nikalisema. Vumbi nikalisema. Maganga, ngoma waliyocheza pamoja, Kabula alivyowapikia wachezaji mwaka uliopita akiwa mwari bado, yote nikayapeleka. Bwana Kofia akachoka, akasema, "Zakaria, fupisha."

Nikamjibu, "Siwezi, bwana. Siku ile nilifupisha."

Akanikazia macho, lakini akaiweka kalamu mezani. Luhende akaendelea, taratibu, mpaka akafika mwisho, kule kuliko na neno lenyewe. Akalisema kwa sauti ya chini kama inavyotakiwa. Nami nikalisema kwa sauti ya chini: mke wangu alikuwa anakufa, nikaja kuomba lori. Nikamwambia mkalimani sijamaliza. Akaniambia umemaliza.

Bwana Kofia akauliza, "Mkalimani gani?"

"Mimi, bwana."

Nje watu walikuwa wanagonga vyuma, nakumbuka. Mzungu yule hakuwa mtu wa huruma nyingi, lakini aliinuka akaenda dirishani, na kwa mara ya kwanza nikamwona amevua kofia. Alikuwa na upara. Kisha akasema Luhende achukue vitu vyake aende salama, hana kesi. Na mimi akaniambia nisikanyage tena ofisini mwake. Kesho yake nikapelekwa kwenye kinu, mahali ambapo hata mkipiga kelele hamsikiani. Nyumba ikachukuliwa. Mama Ester akakunja mikeka bila kunung'unika, akasema tu, "Sasa twende tukalale kwa amani." Mungu ambariki mwanamke huyu!

Hapo ndipo ulipo ukombozi wangu, ndugu zangu. Mungu aliniokoa na kinywa changu mwenyewe, na aliniokoa kwa kuniaibisha. Nilipotoka ofisini sina kazi nilikuwa mwepesi kwa namna ambayo sikuwahi kuwa nilipokuwa na viatu na kiti. Namshukuru. Lakini msinipigie makofi, nawasihi. Mtu akitolewa shimoni anamshukuru aliyemtoa, ila mimi kabla sijatolewa nilikuwa nimeshamsukuma mwingine ndani, na yeye hakutoka. Hilo linanikalia rohoni hata leo. Nikisaga mawe nalifikiri. Nikimsikia mama yeyote ana uchungu wa kuzaa, nalifikiri.

Siku ile Luhende aliondoka bila kusema nami neno. Nilimfuata mpaka barabarani, sikuthubutu kumwita. Miaka ikapita. Mwaka jana, baada ya mavuno, Mama Ester akaniambia hawezi tena kuniona ninavyohangaika, akafunga unga, tukasafiri mpaka Tinde.

Tulimkuta anaezeka nyasi juu ya nyumba. Akatutambua. Akashuka, akatusalimia, akatutolea viti na maji kama mgeni yeyote. Nilikuwa nimejiandaa njiani, nilikuwa na maneno mazuri ya toba. Nikayasema yote. Nikamwambia nilikosa, nilikuhukumu, naomba unisamehe. Nikamkumbusha hata ile asubuhi ofisini, nilivyogeuza kila neno lake, nadhani nilitaka angalau anihesabie hilo.

Luhende alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza. Kisha akasema, "Ni kweli, asubuhi ile ulinisikia vizuri sana. Lakini Kabula alikuwa ameshazikwa."

Nashukuru sikujitetea. Tukakaa. Mama Ester alikuwa analia kimyakimya. Kisha yule mtu akasogeza kiti chake karibu na changu, akasema, "Watu wa hapa wamechoka kunisikia nikimtaja. Wewe kaa." Akaanza kunisimulia habari za Kabula. Alianzia mbali, ndugu zangu, mbali sana: wazazi wake walikotokea, mwaka wa njaa, alivyokuwa akichunga ndama angali mtoto. Nilinyamaza nikasikiliza. Jua lilitukuta pale, likatuhama, likashuka, na alikuwa bado hajafika hata kwenye posa. Mwishoni akainuka, akasema ana ng'ombe wa kuwaingiza zizini. Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia, "Njoo tena, sijamaliza."

Ndugu zangu, nawaomba ninyi mnaokaa kwenye viti. Wewe nyapara, wewe karani, wewe unayepokea wagonjwa dispensari, wewe mwalimu, na wewe baba mwenye nyumba pia. Usiseme mimi sili hongo, basi mimi ni mkweli. Mimi sikula hata unyoya. Mtu akija mbele yako mwache afike anakokwenda, na ukipeleka neno lake, peleka lake, usipeleke lako. Na kama kuna mtu uliyemkata kauli, mfuate angali na kitu cha kukuomba. Mimi nilichelewa.

Na wewe uliyesimama mbele ya watu wasikusikie, mtegemee Bwana. Mimi nimemjaribu nyuma ya lile ghala, nikiwa sina hata neno la maana, na alinisikia. Anasikiliza wacheza ngoma na anasikiliza wenye kaptura za pasi. Hana haraka na mtu. Mwendee leo, jina lake lihimidiwe!

Mniombee mimi na mke wangu. Palizi ikiisha na mavuno yakiingia ghalani, tunakwenda Tinde.